Influenza, chanjo yake na yale maswali yanayorudi kila msimu

Hivi influenza si ndo haya haya mafua ya kawaida?

Hapana. Mafua ya kawaida yanakuja taratibu, leo koo linawasha, kesho pua inatiririka, unapenga huku unaendelea na shughuli zako. Influenza inakushukia ghafla, asubuhi uko fresh, jioni homa imepanda, kichwa kinagonga, misuli inauma hadi kugeuka kitandani inakuwa shughuli, halafu kinafuata kikohozi kikavu ambacho kinaweza kubaki wiki mbili hata homa ikishaisha. Wengi wanapona ndani ya wiki moja bila kumuona daktari, ndo maana inadharauliwa. Ila Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kama bilioni 1 wanaugua, milioni 3 hadi 5 wanaumwa vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 wanafariki. Na hapo tunaongelea mwaka wa kawaida tu, sio 1918 ambapo inakadiriwa walikufa watu milioni 50 hivi dunia nzima.

Mbona chanjo zingine unachoma mara moja basi, hii kila mwaka?

Kirusi chenyewe hakitulii. Juu ya ganda lake kuna protini mbili, H na N, ndo hizo kinga ya mwili inazitumia kukitambua, sasa kila kikijizalisha kinakoseakosea kidogo, makosa yakijikusanya kinga yako ya mwaka jana inakipita tu kama haikijui. Kinga yenyewe nayo inashuka kadiri miezi inavyoenda. Kwa hiyo kuna mtandao wa maabara ulioanzishwa 1952 unaofuatilia virusi vinavyozunguka duniani, na wataalamu wanakaa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, wanachagua aina za kuweka kwenye chanjo. Shida ni kwamba chanjo nyingi bado zinatengenezwa kwa kukuza kirusi ndani ya mayai ya kuku, kazi inayochukua kama miezi 6, na huku nyuma kirusi hakiwasubiri.

Nilichanjwa na bado nikaumwa, sasa faida yake nini?

Hili huwa linaulizwa kwa hasira na nawaelewa. Kwanza mwili unahitaji kama wiki 2 kujenga kinga, ukiambukizwa kabla ya hapo chanjo haina kosa. Pili haizuii virusi vingine vinavyoleta mafua, na viko vingi mno. Tatu, tuwe wakweli, hata msimu ambao chanjo imeendana vizuri na kirusi inapunguza uwezekano wa kuumwa kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60 hivi, sio 100. Ila aliyechanjwa akiumwa mara nyingi haumwi vile ambavyo angeumwa, anapunguza uwezekano wa kulazwa, kuishia ICU au kufa, na mimi hapo ndo naona faida ilipo.

Si wanasema sindano yenyewe ndo inaleta flu?

Chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi. Mkono kuuma, homa ndogo au uchovu wa siku moja mbili, hiyo ni kinga inafanya kazi. Ile ya kupuliza puani ina kirusi hai ila kimedhoofishwa, na wajawazito hawapewi hiyo, wao ni sindano tu.

Mimi kijana, niko fiti, chanjo ya nini?

Sawa, wewe huenda ukalala siku nne ukaamka. Swali ni nani uliyemkoholea, maana mtu anaanza kuambukiza hata siku moja kabla hajajisikia vibaya. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kupewa hii chanjo, anategemea mama awe amechanjwa akiwa mjamzito (kinga inavuka kwenda kwa mtoto) na watu wanaombeba wasiwe na influenza. Japani waliwahi kuchanja watoto wa shule kwa wingi, mpango ulianza 1962 ukaja kusitishwa 1994, na watafiti walipopitia takwimu za vifo wakaona kipindi wanafunzi wanachanjwa vifo vya msimu wa baridi vilishuka, ulipoachwa vikapanda tena, na waliokuwa wanaokolewa zaidi ni wazee ambao wala hawakuguswa na sindano. Makadirio yao yalikuwa vifo 37,000 hadi 49,000 vilivyozuiwa kwa mwaka. Yaani anachanjwa mjukuu, anapona babu.

Wa kupewa kipaumbele ni wajawazito, wazee, watoto kuanzia miezi 6, wenye pumu, kisukari, magonjwa ya moyo au figo, wanaoishi na VVU, na wahudumu wa afya.

Ukiacha chanjo?

Nawa mikono kwa sabuni, ganda la nje la hiki kirusi ni la mafuta na sabuni inalivunja kabisa. Kohoa kwenye kiwiko sio kiganjani, maana kiganja hicho hicho ndo kinaenda kushika kitasa. Fungua madirisha. Na ukiwa na homa baki nyumbani, ile ya kwenda kazini unakohoa ili uonekane mchapakazi unawagawia wenzako ugonjwa tu.

Nikishaumwa, antibayotiki zinasaidia?

Haziui virusi. Daktari atakuandikia tu kama bakteria wameingia juu yake, mfano nimonia. Dawa ya kirusi chenyewe ipo, oseltamiviri, inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo mjamzito, mzee au mwenye ugonjwa sugu asikae kusikilizia. Mtoto au kijana mdogo usimpe asprini, inaweza kumletea tatizo baya la ini na ubongo, mpe parasetamo kwa dozi ya umri na uzito wake.

Lini nikimbie hospitali?

Ukipumua kwa shida, kifua kikiuma, ukichanganyikiwa, au homa ilishuka ukapata nafuu halafu ikarudi kwa nguvu na kikohozi kibaya zaidi. Kwa mtoto angalia mbavu, kama zinavutwa ndani kila akipumua, au midomo inabadilika rangi, hanyonyi, hakojoi, analegea hata ukimwamsha, nenda saa hiyo hiyo usisubiri kukuche.