Kuvumilia kipigo si kubeba msalaba

Ninashauri wanandoa kanisani hapa Dodoma, na kuna neno moja nimechoka kulisikia. Alhamisi iliyopita lililetwa na mama mmoja wa Nkuhungu. Mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi, jicho la kushoto limevimba, Biblia kaifungia kwenye kanga. Kabla sijamuuliza kitu akasema, "Mchungaji, upendo huvumilia yote. Huu ndio msalaba wangu."

Dhana: Anayevumilia kipigo anajitoa kama Kristo.

Hapana. Hapana kabisa! "Huvumilia yote" ni 1 Wakorintho 13:7. Nilimwomba arudi nyuma mstari mmoja tu, asome kwa sauti: "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli." Akausoma mara mbili, kidole kikifuata maneno. Kwenye harusi tunaurukia mstari wa saba kana kwamba wa sita haukuandikwa, na lawama hiyo ni yetu wahubiri.

Mtazameni Yesu mwenyewe. Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa kilima, alipita katikati yao akaenda zake. Hekaluni walipookota mawe, alijificha. Mbele ya kuhani mkuu alipopigwa kofi, aliuliza, "wanipigia nini?" Msalabani alikwenda saa yake ilipofika, kwa hiari: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Tena alikwenda ili watu waokolewe. Kipigo cha Jumamosi usiku, mume akitoka kilabuni, kinamwokoa nani? Watoto waliojificha uvunguni? Mume mwenyewe anazidi kuzama.

Na amri ya kujitoa kwenye Waefeso 5:25 kapewa nani? "Enyi waume." Sijapata mwanaume aliyekuja ofisini kwangu akiwa ameushika mstari huo.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Kwa hiyo mimi ushauri wangu haubadiliki: kwanza polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali. Kisha njoo, tutaomba hata usiku kucha. Kusamehe kupo, lakini unaweza kumsamehe mtu ukiwa umelala kwa dada yako.

Dhana: Agape, neno la Kigiriki la upendo, ni upendo wa Mungu peke yake.

Fungueni 2 Timotheo 4:10. Dema "akiupenda ulimwengu huu wa sasa" anamwacha Paulo, na kitenzi cha Kigiriki pale ni cha mzizi uleule wa agape; kumbe neno hilo hutumika hata kwa upendo uliopotoka. Upendo upimwe kwa unachotenda.

Dhana: Kwenye hadithi, anayependa kweli lazima afe.

Vijana wananiambia hivi kutoka kwenye tamthilia, na zipo ambazo mtu anakufa na hakuna aliyepona kwa kifo chake. Lakini someni Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Antonio anaweka rehani nyama ya mwili wake ili rafiki yake Bassanio apate mkopo. Siku ya kesi mahakamani yuko tayari kufa. Portia, mke wa Bassanio aliyejifanya mwanasheria, anausoma mkataba vizuri: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Antonio anapona, na hakuna anayesema upendo wake ulikuwa pungufu. Akina Portia ndio ninaowatafuta makanisani: jirani anayebisha hodi, shangazi anayemsindikiza mtu kituoni.

Dhana: Mkristo awape ndugu mpaka aishiwe.

Msamaria alitoa mafuta, divai, nafasi juu ya mnyama wake, na dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili. Akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi, akaendelea na safari yake. Mnyama hakumuuza. Mama lishe wa Majengo anayemaliza mtaji kulipa madeni ya mdogo wake ya kila mwezi, nami humwambia hivyohivyo: mpe chakula leo, mpe na nauli, lakini hela ya mchele wa kesho usiiguse.