Paka mchanga na maziwa ya ng'ombe

Lamu na Mji Mkongwe, Zanzibar, paka wako kila baraza, na anayeokota vitoto vilivyoachwa hukimbilia jikoni kumimina maziwa kwenye kisosi. Nia ni njema. Lakini imani kwamba maziwa ya ng'ombe ndiyo chakula cha paka, ingawa ni ya siku nyingi, si sahihi.

Maziwa hayo yana protini kidogo mno kuliko ya mama paka, na sukari yake, laktosi, humharisha mtoto. Mwenye uzito wa gramu 100 akiharisha siku moja tu anaweza kufa. Paka mkubwa naye, akishaacha kunyonya, uwezo wa kumeng'enya laktosi humpungua. Kulamba kwa raha si ushahidi kwamba yanamfaa.

Ukijitolea kumlea paka mchanga, kwanza mpashe joto, maana aliyepoa hawezi kumeng'enya chochote. Kisha mpe maziwa maalumu ya paka wachanga, muulize daktari wa mifugo, kila baada ya saa 2 hadi 4, hata usiku. Wakati wa kunyonya alale kifudifudi, kamwe si chali, yasije yakaingia mapafuni. Akinyonya vizuri utaona masikio yakichezacheza. Halafu mpanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Wiki za mwanzo hawezi peke yake.

Asiyeweza kukesha anunue kopo la maziwa hayo ampelekee anayekesha. Paka hao wakifika wiki 8 na wanakula wenyewe, watafutiwe nyumba.