Kwa Nini Penne Ikaitwa Kalamu

Kati ya aina zote za pasta ninazowafundisha wanafunzi wangu wa upishi, penne ndiyo ambayo jina lake halieleweki vizuri mpaka mtu aangalie jinsi inavyokatwa. Neno hilo ni wingi wa penna, ambalo kwa Kiitaliano ni unyoya na pia ni kalamu, kwa kuwa kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliandika kwa manyoya ya bata bukini. Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba kilichofananishwa ni ncha peke yake, lakini mimi naona mfanano huo ni mkubwa zaidi.

Chukua kipande kimoja kikavu ukitazame kwa karibu. Ni mrija ulio wazi ndani, na ncha zake mbili zimekatwa mshazari. Shina la unyoya nalo ni mrija. Mwandishi alilikata mshazari kwa kisu kidogo, kisha akaipasua ncha yake ili wino ushuke taratibu. Hata kalamu ya tete, iliyotumika kunakili misahafu huko Siyu katika kisiwa cha Pate, ina uwazi huohuo ndani na mkato huohuo wa kulalia upande. Aliyeichagua penna kuwa jina alikuwa na kalamu nzima akilini.

Pasta nyingi hazina mwaka wa kuzaliwa unaojulikana, ila penne inao. Mwaka 1865, Giovanni Battista Capurro, mtengenezaji wa pasta wa San Martino d'Albaro, Genoa, alipata hataza ya mashine ya kukata pasta mshazari. Kabla ya hapo mkato huo ulifanywa kwa mkasi, kazi iliyochukua muda mrefu na kutoa vipande visivyolingana, na baya zaidi, mkasi uliubana mrija ungali mbichi hata ukabonyea. Mashine ya Capurro ilikata bila kubonyeza, ikitoa vipande vya kati ya sentimita 3 na 5. Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa habari yote, kwani mrija uliobonyea hauwezi kufanana na kalamu yoyote.

Mkato huo una faida mezani pia. Mrija ukikatwa mshazari, mdomo wake huwa mpana kuliko ukikatwa wima, na mchuzi huingia kwa urahisi. Penne rigate ina mifereji midogo inayoushika mchuzi kwa nje, ilhali penne lisce ni laini, na sosi nyepesi huteleza juu yake. Kwa arrabbiata, ile sosi ya Roma ya nyanya, kitunguu saumu na pilipili kali, mimi huchagua rigate, na huiepua ingali na ugumu kidogo katikati ili imalizie kuiva ndani ya sosi yenyewe.