Akalasia: mlango wa tumbo unapokataa kufunguka

Neno akalasia lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni "kutolegea". Kisicholegea ni msuli wa mviringo ulio mwisho wa umio, pale mrija wa chakula unapoingia tumboni. Kwa kawaida msuli huo hukaa umefunga ili tindikali isipande, na mtu akimeza hulegea kidogo, tonge likapita. Kwa mwenye akalasia haulegei inavyotakiwa. Kuta za umio nazo zimeacha yale mawimbi ya kusukuma chakula. Kwa hiyo chakula hurundikana njiani, na umio hutanuka polepole kama mfuko. Kisa chake ni kufa kwa neva zilizomo kwenye ukuta wa umio, zile zinazouambia msuli ulegee.

Ni ugonjwa adimu: kwa mwaka hupatikana mgonjwa mpya 1 hivi katika kila watu 100,000. Mateso ya kwanza ya mgonjwa yanatokana na uadimu huo. Anaeleza kwamba chakula kinakwama kifuani na usiku anacheua, anaandikiwa dawa za kiungulia au za vidonda vya tumbo, na miaka inakwenda. Tena kiungulia anakisikia kweli, kwa sababu chakula kilicholala kwenye umio huchacha na kuunguza.

Dalili inayopaswa kumshtua daktari ni maji. Saratani ya umio, ambayo kwetu Afrika Mashariki si adimu hata kidogo, kwa kawaida huanza kwa kuzuia ugali na nyama, kisha uji, maji yakawa ya mwisho. Akalasia mara nyingi huzuia maji na ugali kwa pamoja tangu mapema. Hata hivyo mtu asijipime kwa kanuni hii akabaki nyumbani. Kila anayepata shida ya kumeza isiyokwisha apimwe kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye umio, na mapema.

Kamera huondoa shaka ya saratani. Kisha mgonjwa hunyweshwa bariamu, maji mazito meupe yanayoonekana kwenye picha, na kupigwa eksirei, na picha huonyesha umio mpana unaochongoka chini kama mdomo wa ndege. Kipimo cha kukata shauri ni mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni, ukapima nguvu za misuli mtu anapomeza maji. Ndicho kinachoonyesha ni aina ipi kati ya 3 za akalasia. Mashine yake haipo katika hospitali nyingi za kwetu, na hapo ndipo kusubiri kunapoanza.

"Huenda ukafanyiwa upasuaji," daktari humwambia mgonjwa. Neno hilo "huenda" humkosesha mtu usingizi, lakini lina sababu. Njia ni kadhaa. Kuna puto linaloingizwa mdomoni na kujazwa hadi upana wa milimita 30 au zaidi, likaunyoosha msuli kwa nguvu, nalo mara chache hupasua umio. Kuna upasuaji wa kuukata msuli wenyewe, uliofanywa kwanza na Ernst Heller huko Ujerumani mwaka 1913. Siku hizi hufanyika kwa matundu madogo tumboni. Na tangu 2008, kuanzia Japani, ipo njia ya kuukata kwa kupitia mdomoni bila chale yoyote ya nje. Aina ya 3, yenye mikazo mikali, huhitaji mkato mrefu zaidi. Aliyekonda sana hulishwa kwanza apate nguvu, na mwenye nimonia hutibiwa mapafu kwanza. Mgonjwa aelezwe haya waziwazi. Si haki kumwachia "huenda" tupu. Aelezwe pia kwamba njia zote hizo hufungua mlango tu. Neva hazifufuki, na baada ya upasuaji chakula kitaendelea kushuka kwa uzito wake.

Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za mgonjwa aliyeishi kwa kusukuma chakula chake kwa fimbo ya mfupa wa nyangumi yenye sponji nchani. Leo anayesubiri hula kidogo kidogo, hutafuna mpaka chakula kiwe uji, hushushia kwa maji ya vuguvugu, wengine wakisimama ili kishuke. Haendi kulala mpaka zipite saa 3 au 4 tangu ale, na kitanda huinuliwa kwa matofali upande wa kichwani. Hili la usiku lisipuuzwe: chakula kikirudi na kuingia mapafuni huleta nimonia, na kikohozi cha usiku kisichoisha mara nyingi ndiyo habari yake.

Kuna na aibu ya sinia. Harusini au msibani watu wanakula pamoja, yeye amekula matonge mawili akanyanyuka kwenda nje kutema. Wenyeji wanadhani amekidharau chakula, wengine wanamnong'ona kwa sababu amekonda. Ndugu wakijua jina la ugonjwa, humtengea uji wake na kumwacha ale kwa mwendo wake.

Tarehe ya upasuaji ikipatikana, siku moja au mbili kabla yake huwa za vinywaji tu. Kufunga kula kwa saa chache kama wagonjwa wengine huenda kusitoshe, maana wali wa juzi unaweza kuwa bado umo kwenye umio. Anayetoa dawa ya usingizi lazima alisikie hilo kabla mgonjwa hajalazwa chali.