Kwa nini mdoli wa filamu mpya haupo dukani filamu ikiwa ya moto

Kila filamu kubwa ya anga za juu au ya maroboti inapoanza kuzungumzwa, wazazi huja dukani kwangu hapa Majengo na swali lile lile: "Dada, midoli ya ile filamu mpya imeshaingia?" Mara nyingi jibu ni bado. Na ikiingia, mhusika ambaye mtoto anamlilia ndiye hayupo, wamejaa wale waliopita tu kwenye filamu. Wengi hudhani ni sisi wa Dodoma tunaochelewa. Si sisi. Hata huko biashara hii inakoanzia mambo ni hayo hayo, na sababu ni moja: mdoli huamuliwa kabla mnunuzi yeyote hajaiona filamu.

Fikiria safari yake. Mchongaji anapewa picha na studio, anachonga umbo la kwanza. Mwenye filamu analikagua: pua, mavazi, rangi ya buti. Akiridhika ndipo inatengenezwa kalibu ya chuma, ambayo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani yake. Kalibu ndiyo inayokula pesa. Hakuna anayeitengeneza kwa ajili ya midoli mia mbili. Lazima itoke maelfu kwa maelfu ili kila mmoja ubebe kipande kidogo tu cha gharama hiyo. Baada ya hapo kuna zamu ya kiwanda, vipimo vya usalama, maboksi, kontena, meli. Ukijumlisha yote, mwaka unaweza kupita. Kwa hiyo aliyeagiza ameweka fedha zake kwenye filamu ambayo bado inarekodiwa, na huenda hata mwisho wake bado unabishaniwa.

Mfano unaolionyesha hili kuliko yote ni wa mwaka 1977. Star Wars ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei. Kampuni ya Mego, iliyokuwa na jina kubwa kwa midoli ya mashujaa, ilikuwa imeikataa leseni yake, yaani ruhusa ya kutengeneza midoli ya filamu hiyo. Kenner ya Cincinnati, Ohio, ndiyo iliyoichukua, tena siku zikiwa zimekwisha. Foleni za kwenye majumba ya sinema zikawashangaza wote. Krismasi ikafika, watoto wanataka midoli, midoli haipo. Kenner wakauza bahasha kubwa ya kadibodi isiyo na mdoli hata mmoja. Ndani yake kulikuwa na picha za wahusika, stika, na cheti cha kurudisha kwa posta, ili mwaka 1978 mtoto atumiwe midoli minne: Luke Skywalker, Leia, Chewbacca na R2-D2. Wazazi walinunua ahadi wakaifunga kama zawadi. Na Kenner waliitimiza, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko ujanja wenyewe wa kuuza.

Kuna uamuzi mwingine wa Kenner ambao hadi leo unaonekana kwenye rafu yangu. Kabla yao, mdoli wa kiume wa G.I. Joe ulikuwa na urefu wa kama sentimita 30. Wao wakafanya wa sentimita 9.5. Hesabu yake ni rahisi. Filamu hii ni ya vyombo vya angani, na mtoto atataka kumpandisha rubani kwenye chombo chake. Mdoli wa sentimita 30 ungehitaji chombo kisichopita mlangoni. Ukiupunguza mdoli, chombo kinaenea mkononi, plastiki inapungua, bei inashuka, na mtoto anaweza kununua wahusika mmoja mmoja kwa fedha yake ya sikukuu. Wateja wangu wa Idi hununua hivyo hivyo: noti imekunjwa mkononi, anachagua mmoja, mwakani anarudi kwa mwenzake.

Sasa, nani anakula faida? Mwenye leseni hulipa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo yake, na kwa kawaida huahidi pia kiwango cha chini ambacho atalipa hata mzigo ukidoda. George Lucas, alipokuwa akijadiliana na studio ya 20th Century Fox kuhusu Star Wars, hakung'ang'ania ujira mkubwa wa kuongoza. Alishikilia haki za bidhaa na haki za filamu zitakazofuata. Wakati huo haki za bidhaa hazikuonekana kuwa na thamani, studio ikaziachia. Mwaka 2012 Disney waliinunua kampuni yake, Lucasfilm, kwa takriban dola bilioni 4. Vijana wa hapa Dodoma wanaochora katuni na kutengeneza filamu fupi hunisikia nikilirudia hili kila wanapopita dukani: kabla hujasaini, tafuta kwenye mkataba mstari unaosema nani anamiliki mhusika akiwekwa kwenye fulana, daftari au mdoli. Na jina la mhusika lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara mapema, wakati bado hakuna anayelitamani.

Wauza vyakula nao wanaingia kwenye mbio hizi. Mwaka 1979 McDonald's walitoa kwa watoto boksi la chakula lenye picha na zawadi za Star Trek: The Motion Picture, na ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza kuunganishwa na Happy Meal yao. Mwaka 1982 watengenezaji wa filamu ya E.T. waliiomba kampuni ya Mars watumie pipi zao za M&M's kwenye filamu, wakakataliwa. Hershey wakakubali kwa pipi zao za Reese's Pieces, wakaahidi kutumia dola milioni 1 kuitangaza filamu sambamba na pipi, na mauzo yakapanda sana. Pipi ina nafuu ambayo mdoli hauna: kiwanda tayari kinaizalisha, kinachobadilika ni pakiti na tangazo.

Filamu hiyo hiyo ya E.T. ilionyesha upande wa pili. Atari walipata haki ya kutengeneza mchezo wa kompyuta katikati ya mwaka 1982, wakataka uwe madukani Krismasi ileile. Mtengenezaji alipewa wiki tano hivi. Mchezo ukatoka mgumu na wa kuchanganya, kaseti nyingi mno zilikuwa zimeshazalishwa, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za Atari ikafukiwa kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 walifukua, wakazikuta.

Mwaka 1999 Star Wars iliporudi na The Phantom Menace, Hasbro, watengeneza midoli, walikuwa wamejiandaa vya kutosha, na wakajiandaa kupita kiasi. Maduka yakajaa kabla ya siku ya filamu, halafu hamu ikapoa na rafu zikabaki zimejaa. Mfanyabiashara yeyote anajua uchungu wa mzigo uliododa: mtaji umelala, chumba kimejaa, na bei ikishushwa mara moja mteja hakubali tena ile ya zamani.

Siri nayo ina gharama yake. Desemba 2015 ilipotoka The Force Awakens, mhusika mkuu alikuwa msichana, Rey. Lakini mchezo wa mezani wa Monopoly wa filamu hiyo ulitoka bila yeye. Hasbro walieleza kwamba hawakutaka kufichua kisa mapema, na baada ya wazazi na watoto kulalamika wakaahidi kumwingiza. Maelezo hayo ninayaelewa, lakini siyakubali. Mtoto wa kike anayekuja dukani kwangu na kukuta midoli minne ya kiume anaondoka na jibu ambalo hakuliuliza. Mwaka 2019 ikatokea tena kwa sura nyingine: yule mtoto mwenye masikio makubwa wa mfululizo wa The Mandalorian alifichwa hata kwa watengeneza midoli, kwa sababu mtayarishaji, Jon Favreau, alitaka watazamaji washtuke. Walishtuka kweli, wakampenda, na Krismasi ikapita bila mdoli wake wa maana.

Transformers wameikwepa shida hii kwa kugeuza mpangilio. Midoli ilitangulia. Takara wa Japani walikuwa na maroboti yanayojikunja kuwa magari. Hasbro wakayachukua, wakayapa majina na kisa, na mwaka 1984 wakayaingiza sokoni pamoja na katuni. Filamu ya watu halisi ikaja mwaka 2007. Kama mdoli ndio mzazi wa kisa, mtengenezaji hana siku ya kuikimbiza. Ndiyo maana roboti linalogeuka gari halikosekani dukani kwangu mwaka mzima.

Watengenezaji wa midoli bandia nao wana mpangilio wao. Hawalipii leseni wala kiwango cha chini, wala hawaanzi kabla ya filamu. Wanangoja waone mhusika yupi amependwa, ndipo wanakopi. Kwa hiyo mzigo feki huwahi kuleta yule ambaye kampuni halali haikumtabiri. Unaupata kwenye pakiti moja yenye roboti, ninja na mwanaanga wa filamu tatu tofauti, jina limeandikwa kwa herufi zilizopinda. Bei inavutia. Mimi siuzi, kwanza kwa sababu Tume ya Ushindani, FCC, wana mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na pili kwa sababu sijui plastiki hiyo imechanganywa na nini.

Suala la usalama nalisema kwa uzito wote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya midoli ya Mattel iliuza vyombo vya angani vya mfululizo wa televisheni wa Battlestar Galactica vinavyorusha kombora dogo la plastiki. Mtoto mmoja alikabwa na kombora hilo akafa. Kenner walikuwa wametangaza mdoli wa Boba Fett, mhusika wa Star Wars, wenye roketi inayofyatuka mgongoni. Wakaachana na mpango huo na kuibana roketi isitoke. Sampuli chache za ile inayofyatuka zilibaki, na mwaka 2024 moja iliuzwa mnadani kwa dola 525,000. Wakusanyaji wanazungumzia bei hiyo. Mimi kila nikifungua katoni mpya nakumbuka koo la mtoto. Ukinunua, vuta mikono na magurudumu uone kama yanang'oka. Angalia alama ya uso wa mtoto uliokatwa mstari, inayomaanisha si ya walio chini ya miaka 3. Kama mdoli unawaka taa, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, maana ile betri ndogo ya duara ikimezwa huunguza koo kwa saa chache tu.

Hapa Dodoma mimi siagizi kwa tarehe ya filamu. Watoto wetu wengi huiona filamu baadaye, kwenye flashi, kwenye banda la video ikiwa imetafsiriwa, au kwenye televisheni mwaka wa pili. Ninachofuata ni Idi, Krismasi, na Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji unapojaa wageni wanaotaka kurudi nyumbani na zawadi. Napanda treni ya SGR asubuhi, nachagua Kariakoo, mzigo unakuja kwa lori. Filamu iliyopoa Ulaya mara nyingi kwangu ndiyo kwanza inachemka, na bei ya jumla imeshashuka.

Mzigo wangu wa uhakika zaidi ni dinosaria. Jurassic Park ya mwaka 1993 iliwafanya wapendwe dunia nzima, lakini studio inamiliki nembo yake na kisa chake, haimiliki wanyama walioishi zamani. Kiwanda chochote kinaweza kuwatengeneza kihalali bila mrabaha, na hawapitwi na wakati. Yule mwenye shingo ndefu ndiye anayenipa la kusimulia. Jamaa yake mkubwa, anayeitwa Giraffatitan, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na wachimbaji wengi walikuwa watu wa huku huku. Wajerumani waliisafirisha, na leo amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Nikimweleza hayo mtoto aliyekuja kutafuta roboti, mara nyingi huliacha roboti mezani na kuniuliza Lindi iko wapi.