Vijisanamu vya askari wa 1914: rangi zinapokosewa na sababu zake

Mchezo wa vita wa mezani huchezwa kwa dadu, rula na vijisanamu, na vile vya kimo cha milimita 28 huonyesha uso wa mtu vizuri. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanafaa sana mezani: kuna bandari, minazi, Wahindi na Waingereza wanaoteremka melini, na askari wa Mjerumani wanaowasubiri. Kupaka vijisanamu hivi rangi kumezungukwa na maneno mengi ya kuambizana.

"Ngozi nyeusi ni kahawia tu, ukitaka ing'ae ongeza nyeupe."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia iliyokoza huizalisha rangi ya majivu, na askari anatoka amepauka kama mtu aliyeoga akasahau mafuta. Anza na kahawia iliyokoza sehemu 3 na nyekundu ya tofali sehemu 1. Kwa sehemu zinazopata mwanga (paji la uso, mgongo wa pua, mashavu, kidevu, vifundo vya vidole) chukua mchanganyiko huohuo na uongeze rangi ya chungu cha udongo kidogo kidogo, mara mbili au tatu. Kivuli cha kwenye matundu ya macho kifanye kwa kahawia yenye bluu kidogo, si nyeusi tupu. Kiganja kiwe chepesi kuliko mgongo wa mkono. Mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa kukauka, gusa pua na mashavu kwa vanishi yenye mng'ao hafifu, maana ngozi nyeusi juani hurudisha mwanga.

Tena askari wako wote wasifanane. Jeshi la Mjerumani lilikuwa na Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Andaa michanganyiko mitatu na uichanganye safu nzima.

"Kaki ni kaki, nunua chupa moja umalize."

Kaki hufuliwa na hupigwa jua. Na baada ya Waingereza kufunga bahari, upande wa Wajerumani walifuma pamba wenyewe na kuitia rangi za miti, kwa hiyo kadiri vita vilivyoendelea ndivyo nguo zilivyozidi kutofautiana. Gawa kaki yako kwenye visahani vitatu: kimoja kibaki kilivyo, kingine kitiwe rangi ya maziwa, cha tatu kahawia. Shati na suruali ya mtu mmoja si lazima zitoke kisahani kimoja. Kisha pitisha kahawia nyepesi, tone 1 kwa matone 4 ya maji, itulie kwenye mikunjo. Ikijikusanya mahali tambarare inaacha mduara kama wa kikombe cha chai mezani. Inyonye kwa brashi yenye unyevu kabla haijakauka, kwani ukichelewa itabidi upake upya.

"Picha za zamani zinaonyesha tarbushi nyeusi."

Filamu nyingi za wakati ule hazikuwa na hisia kwa wekundu na zilizidisha bluu. Nyekundu hutoka karibu nyeusi, bluu hutoka imefifia. Picha itakupa mikunjo, mikanda na mahali pa mkoba wa risasi, lakini usiiamini kwa rangi. Hata hivyo, vitani askari wa Mjerumani aliifunika tarbushi yake kwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga shingo, na mbele akabandika tai wa madini meupe. Ukiipaka nyekundu, umemtoa vitani.

"Kazi ndogo, brashi ndogo."

Brashi ya namba 000 hubeba tone dogo mno, nalo hukauka kabla ya kufika jichoni. Namba 1 yenye ncha kali inatosha kwa karibu kila kitu. Unaponunua, ilowanishe na uikung'ute: nywele zisipojikusanya kuwa ncha moja, irudishe. Usiache rangi ipande hadi kwenye bati linaloshika nywele, ikikauka humo nywele hupanuka na hazirudi tena.

"Mkono mmoja mzito wa rangi unaokoa muda."

Unaziba vifungo na midomo. Mikono miwili myembamba, basi.

"Praima ya kopo hupulizwa popote."

Praima ni rangi ya kwanza inayozishikilia nyingine, na hapa Pwani inawaangusha wengi. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 30, kwa mipulizo mifupi. Ukiwa mbali kwenye joto, rangi hukauka ingali hewani na kutua kama unga, na uso unakuwa wa msasa. Vanishi isiyong'aa ikipulizwa siku ya unyevu mwingi huacha ukungu mweupe. Mara nyingi mkono mmoja wa vanishi inayong'aa huuondoa, kisha urudie isiyong'aa siku kavu. Wakati wa masika, Tanga au Mombasa, tumia praima ya brashi. Kabla ya hayo osha vijisanamu kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kwenye kalibu hukataa rangi. Vya madini vya zamani huweza kuwa na risasi, yaani madini laini yenye sumu: sugua kwa tupa ukiwa umevilowesha, nawa mikono, na usilambe brashi.

"Mchanga wa ufukweni ni sawa na ulivyo."

Uoshe chumvi, kisha uuchekeche. Kwa kipimo hiki, ambacho ni karibu 1 kwa 60, punje ya milimita 2 ni jiwe la sentimita 12.

"Jeshi ni wenye bunduki."

Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na jina Kariakoo limetokana na kikosi chao cha upande wa Waingereza. Wachache hujisumbua kuwapaka, ilhali ndio wanaoipa meza uhai. Merikani yao, kitambaa cha pamba isiyopaushwa, si nyeupe: anza na rangi ya tui lililochanganywa na kahawia kidogo, pandisha kwa tui tupu, na nyeupe iguse ncha za mikunjo pekee. Kaniki ianze na bluu iliyokaribia nyeusi.