Herufi Moja Inayoiwasha Telomerasi katika Saratani

Karibu kila seli ya mwili wako imebeba jeni iitwayo TERT, iliyoko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 5. Katika seli nyingi za mtu mzima jeni hiyo imezimwa. Katika saratani takriban 9 kati ya 10, imewashwa.

TERT ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza sehemu kuu ya telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, yaani ncha za kromosomu. Telomea ni herufi TTAGGG za DNA zilizorudiwa mara maelfu, nazo huilinda kromosomu kama pindo linavyozuia kitambaa kufumuka. Seli ikigawanyika, ncha hupungua kidogo, zikifupika mno seli huacha kugawanyika. Mwanabiolojia Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba kuna kikomo cha kugawanyika, kabla sababu yake haijajulikana: seli za kawaida zilizokuzwa maabara ziligawanyika kama mara 40 hadi 60, zikakoma. Kuna wanaotamani telomerasi iachiwe ifanye kazi mwili mzima tusizeeke. Wanasahau kwamba kikomo hicho huzuia seli iliyoharibika isizaane bila mwisho.

Saratani hukivukaje? Telomerasi inahitaji pia kipande cha RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, cha kunakilia, lakini hicho hupatikana hata katika seli nyingi zisizo na telomerasi. Kinachokosekana ni TERT. Kwa hiyo mapambano yote yako kwenye promota, kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni ambapo protini hujishikiza kuamuru isomwe au isisomwe. Protini ya MYC, ambayo saratani nyingi huizalisha kupita kiasi, hujishikiza hapo na kuiwasha. Mpinzani wake, MAD1, hushika mahali palepale na kuizima.

Mwaka 2013 watafiti waliochunguza melanoma, saratani ya ngozi, walikuta jambo ambalo kwangu ndilo la kushangaza kuliko yote. Jeni yenyewe ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni herufi moja tu ya promota, C ikawa T, ama herufi 124 au 146 kabla ya mahali jeni inapoanza kutafsiriwa. Badiliko hilo dogo huunda mfuatano GGAA ambao haukuwepo, na protini iitwayo GABP, iliyokuwa ikipita bila kujali, sasa hupata pa kushika. TERT huwaka. Badiliko hilohilo limeonekana pia katika saratani za ubongo, kibofu cha mkojo na ini. La kibofu lina faida kwa uchunguzi, maana DNA ya uvimbe huweza kunaswa kwenye mkojo.

Si saratani zote hutegemea telomerasi. Nyingi kati ya zilizobaki, baadhi ya zile za mifupa zikiwemo, hurefusha ncha zao kwa kunakili telomea za kromosomu nyingine, bila telomerasi kabisa.

Na tiba? Dawa ya imetelstat, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa baadhi ya wagonjwa wenye upungufu wa damu utokanao na kasoro za uboho, haigusi promota. Hujibana kwenye ile RNA na kuizuia telomerasi kufanya kazi. Lakini seli mama za damu nazo huitumia telomerasi kidogo, na chembe sahani na chembe nyeupe hushuka mara kwa mara kwa wanaotumia dawa hiyo. Ndiyo maana hupimwa damu kabla ya kila dozi.